Kadi Mpya ya Mashine ya Matrida

Butiama,
9 Machi 2025

Mkwe wangu Baltazar,

Pokea kwanza salamu za hapa, ndipo tufike kwenye shida yangu. Mvua imeanza vizuri na mahindi ya nyuma ya nyumba yamefika magotini. Yule mbuzi mwekundu amezaa mapacha, mmoja hataki kunyonya, namnywesha kwa chupa kama mtoto wa mtu. Mimi nipo. Miguu inauma lakini kanisani inanifikisha.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu mimi na wewe hatuvuki salamu. Ukishasema shikamoo na mimi nikaitikia, kila mtu anatafuta pa kukimbilia. Ndivyo ukwe wetu ulivyo, siulaumu. Nilimwomba Tabitha akueleze, si mnakaa wote huko Bunda, akanijibu, "Mama, mimi ni mwalimu wa Kiswahili, siyo fundi." Basi kama hawezi kueleza, abebe barua ya mama yake.

Mashine ya Matrida, ile kompyuta yake, imenigomea. Unajua kwamba ile miezi alipokuwa mgonjwa hapa kwangu alinifundisha mchezo wake wa shamba, ule wa Bonde Jema. Tulikuwa tunapokezana kiti. Mle ndani kuna mtu wake na mtu wangu, shamba ni moja. Mmoja asipocheza, mtu wake anaketi barazani kwake mpaka mwenyewe arudi. Tangu mwanangu atutoke, mimi nimeendelea kulima. Kila jioni napalilia, napita barazani namsalimia, halafu nazima. Ukitaka kucheka, cheka, maana hata mimi mwenyewe huwa najicheka.

Sasa mwezi uliopita wenye mchezo wameleta nyongeza. Wameongeza ziwa. Nikabonyeza kukubali bila kusoma, maana Matrida tangu aolewe kwenu Bukima alikuwaga analalamika kwamba bonde lote lile halina hata pa kuvulia furu. Tangu siku hiyo mchezo haufunguki. Unaniambia kadi ya picha ni ya zamani, haitoshi. Nimejaribu kurudi kwenye ule wa kwanza, haupo tena.

Naomba unisaidie, mkwe wangu. Mwaka na kitu nimeishi na lile shamba, na sasa jioni zangu sijui nizipeleke wapi. Ila nakwambia mapema, mashine haitoki humu chumbani.

Mama Matrida


Bunda,
23 Machi 2025

Mama,

Shikamoo. Barua nimeipata kwa shemeji Tabitha, nimeisoma dukani nimefunga mlango nusu ili wateja wasinisumbue. Nashukuru kusikia mvua imefika huko. Huku kwetu inanyesha upande mmoja wa barabara, upande mwingine vumbi. Jumamosi nilikuwa Bukima. Mama yangu anakusalimu sana. Kaburi liko salama, nimeng'oa majani na kupaka chokaa upya, na yale maua uliyotuma yameshika, mawili tu ndiyo yalikauka.

Mama, siwezi kucheka. Hiyo kadi naijua kwa sababu niliifunga mwenyewe, tulipokuwa bado tunachumbiana. Mashine nzima niliiunga kwa vipande vipande, lakini kadi nilitafuta ile iliyokuwa nzuri kwa wakati ule, ili asije akasema fundi mzima amemletea takataka. Haijaharibika. Imezeeka tu. Kumbukumbu yake ni ya GB mbili na hao wenye ziwa wanataka nne kwenda juu.

Njia ya haraka ni shemeji aniletee mashine, nimalize siku moja. Lakini umesema haitoki, na mimi siulizi sababu. Basi kuna jamaa Nyakato pale Musoma, anaitwa Clementi, analetaga vipuri vilivyotumika maofisini. Nitamwona. Kabla ya hapo ningeomba, kama haitakusumbua, ufungue ubavu wa kasha kwa bisibisi ya nyota na unipimie kwa rula nafasi iliyopo kutoka nyuma ilipofungwa kadi mpaka chuma cha mbele. Kadi za siku hizi ni ndefu, isije ikagoma kuingia.

Mama, nina swali, na usiponijibu sitaona vibaya. Huyo mtu wake wa barazani, amevaaje?

Mkwe wako,
Baltazar


Butiama,
13 Aprili 2025

Mkwe wangu,

Marahaba. Leo ni Jumapili ya Matawi, nimerudi na tawi langu nimelichomeka juu ya mlango. Nashukuru kwa habari za kaburi. Yule mwanambuzi wa chupa amepona, sasa anampiga mwenzake pembe ambazo bado hazijaota.

Kasha nimelifungua. Nimefundisha darasa la tatu maisha yangu yote, bisibisi hainishindi. Nimekuta vumbi la kujaza kikombe na mayai mawili ya mjusi. Nafasi uliyoitaka ni sentimeta kumi na tisa, nimepima mara mbili kwa rula ya shule, siyo kwa kukisia.

Umesema huulizi sababu, kumbe umeshauliza. Basi nikujibu. Wewe una kaburi, mimi nina mashine. Wazee wenu walimchukua mwanangu wakamlaza Bukima kama mke wa mtu anavyolazwa, na mimi sikupinga, hata baba yake angekuwa hai asingepinga. Siku ya kugawa vitu vyake wakasema mashine ibaki kwa mama. Sasa ikitoka hapa ikalala kwako, ambako kwa haki ndiko vitu vya mkeo vinatakiwa kuwa, nani ataamka asubuhi airudishe? Sikutuhumu. Nakueleza tu ninavyoogopa.

Swali lako la mwisho nimelisoma.

Mama Matrida


Bunda,
11 Mei 2025

Mama,

Shikamoo. Najua nimechelewa na najua umeshaulizia kwa shemeji. Nyumbani ni wazima. Bukima dagaa wamepungua lakini sato wapo, na mama yangu amepata kuku wa kutaga.

Clementi alinipa kwanza kadi ndefu kama mkate wa dukani, nikairudisha. Ya pili ilikuwa inahitaji waya wake wa umeme, na pawa saplai ya mashine yako haina waya huo. Hii ya tatu ni fupi, haina makuu, inakula umeme kidogo na ina GB nne. Nimeipima dukani, inafanya kazi. Shemeji anakuletea mifuko miwili, mmoja una kadi na mwingine una samaki, ningu wakavu. Tafadhali wasikae pamoja.

Nikwambie ukweli, Mama. Kadi hii nimekaa nayo zaidi ya wiki mbili bila sababu ya maana. Shemeji alikuja huko Jumapili ya nyuma na mimi sikumpa. Nilikuwa nawaza kwamba ikishafika, hutakuwa na haja tena ya kuniandikia. Hapa Bunda kila mtu ananiambia songa mbele, na hakuna anayelitaja jina lake mbele yangu. Wewe unamwandika kama mtu aliyetoka kidogo.

Kazi yenyewe ni hivi. Uzime, uchomoe umeme na waya wa skrini. Uguse chuma cha kasha kwanza. Ufungue skrubu ya kadi ya zamani, ubinye kile kidude cha mwisho, uivute taratibu. Mpya uisukume mpaka usikie imeingia. Halafu, kama utapenda, ule waya wa skrini uuchomeke kule chini kwenye kadi yenyewe, badala ya tundu la juu. Nisamehe kwa kukuelekeza hivi, siyo adabu mkwe kumpangia mama kazi.

Baltazar


Butiama,
25 Mei 2025

Mkwe wangu,

Ningu walikuwa wazuri. Salamu zaidi nitakupa siku nyingine, leo sina moyo wa salamu.

Nimefuata yote uliyoandika. Kadi imeingia, nimeisikia. Nimewasha, feni inazunguka, taa inawaka, lakini skrini ni nyeusi ti. Nimezima na kuwasha mpaka nimechoka. Nimerudi kwenye barua yako neno kwa neno kama mtihani. Jambo moja tu ndilo sikulifanya, lile la waya wa kule chini, kwa sababu uliandika "kama utapenda" na mimi sikupenda. Kuinama mpaka kule miguu yangu haitaki, na tundu la juu liko wazi, waya umekaa vizuri kabisa.

Nimeiua? Niambie tu. Nimekaa mbele ya ule weusi nikaanza kumwomba radhi Matrida kwa sauti, Tabitha akaingia akanikuta. Mtoto amelia na mimi nimelia. Hakugusa chochote, anasema kikiharibika mkononi mwake hatajisamehe.

Nimewaza sana na sasa nasema. Njoo Jumamosi ya tarehe saba. Najua chumba ni changu na mkwe haingii chumba cha mama mkwe. Basi utaingia wewe, nitatoka mimi. Nitakaa nje kwenye benchi mpaka umalize. Kama kuna mwenye la kusema hapa kijijini, aje aniambie mimi.

Mama Matrida


Bunda,
15 Juni 2025

Mama,

Shikamoo. Nilifika salama siku ile. Ahsante kwa udaga wa muhogo na karanga, na ahsante kwa chai uliyoniwekea mlangoni.

Nimeshindwa kutulia mpaka nikuandikie kuhusu Jumamosi. Mashine haikuwa na kosa. Nilichomoa waya juu, nikachomeka chini kwenye kadi, ikawaka. Kosa lilikuwa la kalamu yangu. Ningekuwa namwandikia mteja ningesema chomeka chini, basi. Lakini kwa mama mkwe mkono ukakataa kuamuru.

Ukaniuliza kutoka nje, "Vipi?" Nikajibu, "Bado." Haikuwa bado, Mama. Ilikuwa imeshapona. Nilitaka kukaa humo kidogo.

Unakumbuka kila Jumapili nilikuwa nakuja kumwona. Mwanzoni alikuwa anatoka, tunakaa wote kwenye lile benchi la ukuta wa jikoni. Alipolazwa chumbani kwako kwa sababu ndicho chenye hewa, mimi nikabaki benchini peke yangu. Nilikuwa namhadithia habari za dukani kwa sauti kubwa, yeye ananijibu neno moja moja dirishani. Kutoka nje lile dirisha ni jeusi tu. Nilikuwaga narudi Bunda nikijua kwamba mke wangu ananisikia lakini hanioni, na kwamba atakufa hajaniona. Hilo ndilo nimelala nalo mpaka leo.

Siku ile nilipopiga magoti kando ya kitanda kutafuta tundu, nikainua kichwa. Nilikuona wewe benchini, umenipa mgongo kwa adabu. Nilikuona wote, mpaka ndala. Mama, kumbe kutoka pale benchi linaonekana. Alikuwa ananiona?

Mchezo sikuufungua. Nilifunga draiva za kadi, yaani programu za kuiendesha, nikaacha nyongeza ijipakue yenyewe kwa lile bando nililokuletea, nikatoka. Na jambo moja nisije nikaonekana nimelificha, ninayo paswedi ya Matrida, maana akaunti yake nilimfungulia mimi. Sijawahi kuitumia.

Baltazar


Butiama,
22 Juni 2025

Mkwe wangu,

Marahaba, na amani iwe kwako. Mvua zimekatika, tunavuna mtama. Mapacha nimeshawatenga na mama yao, wanapiga kelele hadi jirani amelalamika.

Alikuwa anakuona. Kila Jumapili kabla hujafika nilikuwa namgeuza ubavu wa kuelekea dirishani, kwa sababu alikuwa ananiomba. Mgongo ulikuwa umeshatoka vidonda, kumgeuza ilikuwa kazi, lakini ya Jumapili hakuwahi kuikosa. Ananiambia, "Mama, Baltazar amenyoa." "Mama, leo amekonda." Siku moja ulikuja na shati limefungwa vifungo kombo, alicheka mpaka nikaogopa pumzi. Nilidhani unajua. Ningejua hujui, ningekwambia siku ya mazishi, adabu au si adabu.

Mchezo umefunguka. Ziwa limekuja hadi chini ya shamba letu. Lina matete, lina ndege weupe, na maji yanasogea. Wamelipatia, ingawa mawimbi yao ni ya kistaarabu mno, hawajawahi kuona ya Bukima. Matrida yupo barazani. Sasa baraza lake linatazama maji.

Uliniuliza tangu Machi na mimi nikanyamaza. Amevaa gauni la njano, kofia ya majani, na hana viatu. Alikataa kumnunulia viatu, alisema shambani viatu ni vya maafisa.

Kazi yako imekamilika, mkwe wangu. Mungu akulipe. Sina tena la kukuomba.

Mama Matrida


Bunda,
6 Julai 2025

Mama,

Shikamoo. Mimi mzima. Bukima wazima. Shemeji Tabitha amefunga shule na anakuja na barua hii.

Nimeisoma barua yako mara nyingi. Nilitoka nayo nikaenda kukaa nyuma ya duka, nikalia kama sijawahi kulia, na nilipomaliza nilikuwa na njaa. Ni siku nyingi sijasikia njaa.

Nilitaka kuuliza kama feni ya kadi inapiga kelele. Wakati mwingine hizi zilizotumika zinaanza kulia baada ya wiki chache. Na kama skrini inacheza cheza. Na kama joto ni kali. Unaweza kunijibu kwa shemeji, au unijibu kwa barua.

Baltazar


Butiama,
20 Julai 2025

Mwanangu Baltazar,

Feni haina kelele, skrini haichezi, joto hamna. Hayo nimeyamaliza.

Jumapili ya nyuma baada ya Misa nilikaa kwenye shamba letu la mchezo kama kawaida, nimemaliza kupanda vitunguu kule upande wa maji. Nikageuka kumsalimia Matrida. Akainuka.

Nilishika meza. Wewe hujui, lakini sijawahi kumwona akitembea nikiwa mimi mwenyewe nimo shambani. Tulikuwa na kiti kimoja, mmoja akiingia mwingine ameketi. Sasa alishuka ngazi, akaenda kulia akagonga ukuta, akarudi, akagonga ndoo. Mwanangu hakuwahi kugonga ndoo. Alikuwa anapita katikati ya kuku bila kumshtua hata mmoja. Nikajua ni wewe, uko dukani kwako Bunda, umeshindwa kuvumilia ukaingia kwa ile paswedi yake.

Ulimpeleka hadi ufukweni ukamsimamisha anatazama ziwa. Nikampeleka wangu akasimama karibu. Hukusogea, na mimi sikukimbia. Tumesimama pale mpaka mchezo ukaingiza jioni yake, gauni la njano pembeni yangu, na mimi huku kwenye kiti machozi yananidondokea kwenye mausi. Sijapata furaha ya namna ile tangu afe. Ndiyo maana nakuomba usifanye tena. Nimeshazoea kumsalimia ameketi. Akiinuka nitaanza kumngoja, na kumngoja mimi siwezi, mwanangu. Nitakufa.

Sikukasirikii. Maana na mimi nina nililokunyima. Shambani kuna nyumba ya tatu. Aliijenga mwenyewe wiki za mwisho alipokuwa bado anaweza kukaa, tukimwekea mito mgongoni, anajenga kidogo analala. Juu ya mlango ameandika jina lako. Alisema, "Baltazar hawezi kuingia chumbani kwako Mama, lakini huku hakuna chumba cha mtu." Nilikubali kukwambia, halafu akafa, na mimi nikaona nikikwambia utakuja, na ukija hatutakuwa tena mimi na yeye peke yetu. Nimeilinda kama mchoyo. Nafagia hadi uani kwako na sikukwambia.

Jifungulie akaunti yako, kwa jina lako. Tafuta mtu wa kiume, mvalishe vizuri, vifungo sawasawa. Jumapili baada ya Misa nitakuwa shambani, nitakupokea. Ndani ya nyumba hiyo ameweka meza moja na viti vitatu, na huko tutakaa wote na hakuna wa kutusema. Vitunguu vya upande wa maji havijamwagiliwa tangu siku ile, kwa hiyo ukifika uanze na hivyo.

Mama yako,
Gaudensia